Sura ya Tano: Nani Alikuwa Mkubwa Wao?

Minova ni mji mdogo wa soko kandokando ya Ziwa Kivu, upande wa Kalehe, mwendo wa kilomita kama 50 kutoka Goma ukipitia Sake. Waasi wa M23 walipoiteka Goma tarehe 20 Novemba 2012, maelfu ya askari wa serikali ya Kongo walikimbilia huko. Walifika wameshindwa, wana njaa, wana bunduki, na vikosi vyao vimevurugika. Kwa siku kadhaa walipora, waliua na kubaka, mjini Minova kwenyewe na katika vijiji vya jirani. Ripoti ya wachunguzi wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa ya Mei 2013 ilitaja wanawake 102 na wasichana 33 waliobakwa. Jumla 135.

Habari za mwanzo kutoka Minova zilikuwa za kweli, na waliozitafuta walifanya kazi ngumu. Zilieleza juu ya milango iliyovunjwa usiku, wanawake waliokimbizwa hospitali, watoto walioshuhudia mambo ambayo hata mtu mzima hawezi kuyastahimili. Msomaji alizisoma, akasikitika, akafunua ukurasa mwingine. Mambo yalibadilika pale majina ya vikosi yalipoanza kutajwa: batalioni ya 41 na batalioni ya 391. Hii ya pili ilikuwa imefunzwa na Wamarekani huko Kisangani, na somo la kuwaheshimu raia lilikuwa sehemu ya mafunzo hayo. Sasa kulikuwa na watu wa kuulizwa, Kinshasa na hata Washington. Umoja wa Mataifa ukaitishia serikali kwamba utaacha kuvisaidia vikosi hivyo viwili. Maofisa 12 wakasimamishwa kazi. Novemba 2013 kesi ikafunguliwa mjini Goma mbele ya mahakama ya kijeshi, washtakiwa 39.

Wanawake wa Minova walikwenda kutoa ushahidi wakiwa wamefunikwa nyuso. Hukumu ilisomwa tarehe 5 Mei 2014. Waliotiwa hatiani kwa ubakaji walikuwa wawili.

Wengi walipatikana na makosa mengine, kama uporaji. Makamanda wa juu hawakupandishwa kizimbani. Nimeanza na Minova kwa sababu inaonyesha mahali uandishi wa habari ulipofika na mahali ulipokwama. Ni wangapi waliobakwa? Swali hilo lilijibiwa kwa tarakimu. Nani alikuwa mkubwa wa askari wale usiku ule, aliambiwa saa ngapi yanayoendelea, na alichukua hatua gani? Hilo halikupata jibu lililoweza kusimama mahakamani.

Sura hii inahusu swali la pili. Naamini, na nimekuwa nikiamini kwa muda mrefu, kwamba habari ya ubakaji wa vitani humgusa hakimu, mbunge na msomaji wa kawaida pale inapomchunguza mtenda na aliyempa mtenda bunduki kwa umakini uleule ambao kwa kawaida tunauelekeza kwenye mwili wa aliyetendewa. Maumivu ya mwathirika humfanya msomaji aamini kwamba vita ni vibaya, jambo ambalo alikwishalijua. Jina la kikosi, saa, barabara na amri humfanya aamini kwamba kuna mtu anayepaswa kujibu.

Kongo imezoea uandishi wa aina nyingine tangu siku za uhuru. Edward Behr, aliyekuwa mwandishi wa Newsweek, alisimulia katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1978 jinsi mtangazaji mmoja wa televisheni ya Uingereza alivyopita kwenye uwanja wa ndege katikati ya raia wa Kibelgiji waliokuwa wakisubiri kuondoka, akiuliza kwa sauti kama kuna yeyote hapo aliyebakwa na anayejua Kiingereza. Mtangazaji yule alikuwa na habari yake tayari kichwani. Alichokosa ni mtu wa kuijaza. Wanawake wa Kikongo, ambao hawakujua Kiingereza wala hawakuwa na ndege ya kupanda, hawakuwemo kabisa katika hesabu yake.

Zaidi ya miaka 40 baadaye wakaanza kuulizwa wao, na kwa wingi. Hospitali ya Panzi, iliyofunguliwa Bukavu mwaka 1999, ilikuwa imepokea maelfu ya wanawake waliojeruhiwa, na Dk. Denis Mukwege, mwanzilishi wake, alikuwa akimweleza kila aliyekuja kumsikiliza. Mwaka 2007 filamu ya Lisa Jackson kuhusu wanawake hao ilikamilika, na Oktoba mwaka huohuo New York Times likaiweka habari ya Jeffrey Gettleman kutoka Bukavu kwenye ukurasa wa mbele. Juni 2008 Baraza la Usalama likapitisha azimio namba 1820, lililotamka kwamba ubakaji unaweza kuwa uhalifu wa kivita. Sitaki kuidharau kazi hiyo hata kidogo. Bila hiyo, Panzi ingebaki inajulikana na Bukavu peke yake.

Lakini mafanikio yale yalizaa tabia. Aprili 2010 Margot Wallström, mjumbe maalumu wa Umoja wa Mataifa, aliiita Kongo makao makuu ya ubakaji duniani, na maneno hayo yakawa kichwa cha habari kila mahali. Mwaka uliofuata ikaja tarakimu. Watafiti wakiongozwa na Amber Peterman walichapisha katika jarida la afya ya jamii la Marekani makadirio kwamba zaidi ya wanawake 400,000 wa Kongo walikuwa wamebakwa katika kipindi cha miezi 12. Vyombo vya habari viligawanya: wanawake 1,150 kwa siku, 48 kwa saa. Tarakimu hiyo ya 48 ilizunguka dunia nzima.

Ukiusoma utafiti wenyewe, unakuta mambo ambayo vichwa vya habari viliyaacha njiani. Ulitumia majibu ya wanawake 3,436 waliohojiwa katika uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2007, kisha ukayapanua kwa hesabu ya watu wa nchi nzima. Uligundua kwamba ubakaji ulikuwepo pia katika majimbo yasiyo na vita. Uligundua, zaidi ya yote, kwamba wanawake waliolazimishwa na waume au wapenzi wao ni wengi kuliko wote hao, zaidi ya milioni tatu. Watafiti walikuwa wanatuambia kwamba tatizo limo hadi ndani ya nyumba. Sisi tukaandika kuhusu waasi msituni. Mwanamke wa Mbandaka aliyepigwa na kulazimishwa na mumewe alihesabiwa kwenye takwimu, kisha akaondolewa kwenye habari.

Na kuna jambo baya zaidi ambalo kila mwandishi anayekwenda mashariki ya Kongo anapaswa kulijua kabla ya kufungua daftari lake. Kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010, waasi walivamia vijiji 13 kwenye barabara ya Kibua kwenda Mpofi, wilayani Walikale. Kijiji kilichojulikana zaidi ni Luvungi. Umoja wa Mataifa ulihesabu watu wasiopungua 387 waliobakwa: wanawake 300, wasichana 55, wanaume 23 na wavulana 9. Wavamizi walikuwa mchanganyiko wa waasi wa Kinyarwanda wa FDLR, askari waliolitoroka jeshi la serikali na kikundi cha wanamgambo wa Mai-Mai cha Ntabo Ntaberi Sheka. Walinda amani wa Umoja wa Mataifa walikuwa na kambi Kibua, kilomita kama 30 kutoka hapo.

Mtafiti Séverine Autesserre aliandika mwaka 2012 kwamba watu kadhaa aliowahoji walimwambia Sheka aliagiza watu wake wabake, wasiishie kupora na kupiga kama ilivyokuwa kawaida, kwa sababu alitaka kikundi chake kitajwe na kiitwe kwenye meza ya mazungumzo. Mwaka 2011 Sheka aligombea ubunge Walikale. Kama waliohojiwa walisema kweli, basi kamanda wa msituni alikuwa amewasoma wahariri na wanadiplomasia wa dunia, akajua ni uhalifu gani unaosikika mbali na upi hausikiki. Hapo wengine watasema: basi tunyamaze. Nakataa. Sheka alifaidi kwa sababu habari zilihesabu waliobakwa na kumtaja yeye kama jina la kutisha kutoka porini. Habari ambayo ingemfuata, ikauliza silaha zake zilitoka wapi, dhahabu na madini aliyotoza kodi vilipitia kwa nani, na nani Goma au Kinshasa alikuwa akipokea simu zake, isingempa sifa yoyote. Alijisalimisha Julai 2017. Novemba 2020 mahakama ya kijeshi ya Goma ilimhukumu kifungo cha maisha.

Kuna pia hatari ya kuamini upesi. Mwaka 2011, wakati wa vita vya Libya, zilienea habari kwamba Gaddafi aliwagawia askari wake vidonge vya kuongeza nguvu za kiume ili wabake. Hata mwendesha mashtaka wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai alizitaja hadharani. Donatella Rovera wa Amnesty International, aliyekaa Libya miezi kadhaa akichunguza, alisema hakupata ushahidi wa jambo hilo. Tume ya Umoja wa Mataifa ilipotoa ripoti Machi 2012, ilisema matukio ya ukatili wa kingono yalikuwepo lakini haikupata ushahidi wa kutosha wa mpango mkubwa ulioelekezwa kutoka juu. Walibya waliobakwa kweli ndio waliolipia vidonge vile, kwa kuwa uvumi ukishavunjika, kila aliye upande wa mtenda huunyooshea kidole na kusema yote yalikuwa hivyohivyo.

Kushawishi, basi, ni kumshawishi nani? Waandishi wa New York humwandikia mpiga kura wa Marekani. Wanawake wa redio za Bukavu walikuwa na msikilizaji mwingine kabisa. Chouchou Namegabe alianzia Radio Maendeleo, na mwaka 2003 yeye na wenzake wakaanzisha AFEM, chama cha wanawake wa vyombo vya habari wa Kivu Kusini. Walikwenda vijijini na vinasa sauti, wakawaomba wanawake wasimulie wenyewe, kwa Kiswahili chao na kwa lugha zao, majina yakifichwa. Sauti hizo zikaingia hewani, zikasikika kwenye redio ndogo za betri katika nyumba zilezile ambamo mke aliyechukuliwa kwa nguvu alikuwa amefukuzwa na mumewe kama mwenye kosa.

Yatazame hayo kwa karibu. Msikilizaji wa kwanza wa kipindi kile alikuwa mume, mama mkwe, chifu wa kijiji, mchungaji. Hao ndio waliokuwa na uwezo wa kumrudisha mama nyumbani au kumwacha alale kanisani na watoto wake. Mwanamke mwingine aliyekuwa amenyamaza alisikia mwenzake akieleza kilichompata, akajua hayuko peke yake na kwamba kuna hospitali. Kwamba aliyebakwa afike hospitali ndani ya saa 72, ili apate dawa za kuzuia VVU, ni habari inayookoa maisha, nayo huokoa ikisemwa kwa lugha anayoielewa aliye mbali na barabara. Namegabe alikwenda kutoa ushahidi mbele ya Seneti ya Marekani Mei 2009. Lakini kwa maoni yangu kazi yake kubwa zaidi ilifanyika kwenye vile vipindi ambavyo hakuna Mmarekani aliyevisikia.

Waliofanya kazi hiyo waliishi miongoni mwa wale waliowataja. Caddy Adzuba wa Radio Okapi, mwanasheria na mtangazaji, alitishiwa kuuawa. Mwaka 2014 Hispania ilimpa tuzo ya Mwanamfalme wa Asturias. Wenzake wawili wa redio hiyohiyo, Serge Maheshe na Didace Namujimbo, waliuawa kwa risasi Bukavu, mmoja Juni 2007, mwingine Novemba 2008. Mgeni alipomaliza habari yake alipanda ndege Kavumu. Mtangazaji wa Bukavu alirudi kwake kwa miguu jioni.

Kavumu, kwa kweli, ndiyo niliyotaka kuifikia.

Ni mji ulioko kaskazini ya Bukavu, karibu na uwanja wa ndege, mwendo wa kilomita kama 30. Kuanzia mwaka 2013 watoto wa kike walianza kuchukuliwa usiku kutoka nyumbani kwao. Wengine hawakuwa wamefika hata miaka miwili. Wazazi waliamka wakakuta mtoto hayupo, wakamtafuta, wakampata amebakwa, ameumizwa vibaya. Watoto walipelekwa Panzi mmoja baada ya mwingine, na madaktari ndio waliokuwa wa kwanza kuona kwamba majeraha yanafanana na wagonjwa wanatoka mahali pamoja. Idadi ilifika karibu watoto 40.

Kwa muda mrefu kila tukio lilichukuliwa peke yake. Mafaili yalifunguliwa, yakalala. Mwandishi wa Marekani, Lauren Wolfe, aliyeandika katika Foreign Policy na The Guardian, alifanya kitu ambacho ni rahisi kukieleza na kigumu kukitenda: aliyapanga matukio hayo pamoja, akarudi kwa maofisa mara kwa mara akiuliza faili liko wapi, nani analishika, kwa nini hakuna aliyekamatwa. Habari zake hazikuhitaji kueleza kwa kina kilichofanywa kwenye miili ya watoto. Zilieleza mpangilio: usiku, mlango, watoto wa umri fulani, mji mmoja, na dola iliyokaa kimya. Kimya cha dola ndicho kilichokuwa habari.

Nyuma yake walikuwepo watu wengi. Wazazi wa Kavumu walikataa kuacha. Panzi, shirika la Physicians for Human Rights na TRIAL International walisaidia kukusanya ushahidi na kutaka mafaili yaunganishwe yawe kesi moja. Mtetezi wa haki za binadamu aliyekuwa akifuatilia mambo ya eneo hilo aliuawa Machi 2016. Juni 2016 alikamatwa Frederic Batumike, mjumbe wa bunge la jimbo la Kivu Kusini, mwenye kinga ya ubunge na mwenye kikundi cha wapiganaji kilichojiita Jeshi la Yesu. Wapiganaji hao waliambiwa na mganga, kwa mujibu wa mashtaka, kwamba damu ya watoto mabikira ingewakinga na risasi.

Mahakama ya kijeshi ilikwenda Kavumu kwenyewe, Novemba 2017. Watoto hawakupandishwa kizimbani; mahojiano yao yalikuwa yamerekodiwa mapema kwa video na wataalamu, wasilazimike kurudia. Mashahidi wengine walisema wakiwa nyuma ya pazia, sauti zikibadilishwa. Desemba mwaka huo Batumike na wenzake kumi walihukumiwa kifungo cha maisha kwa uhalifu dhidi ya binadamu. Rufaa yao ilishindwa mwaka 2018.

Hapo ndipo tofauti na Minova inapoonekana wazi. Kavumu mkubwa wao alipatikana. Alikuwa na jina, ofisi, kiti bungeni. Na aliyepatikana alipatikana kwa sababu watu walikataa kuandika habari ya mtoto mmoja mmoja, kila moja ikiwa huzuni mpya, wakaandika habari moja ya mtandao wa watu wenye nguvu. Kama ningekuwa na darasa la wanafunzi wa uandishi wa habari, hiyo ndiyo kesi ambayo ningewapa wiki ya kwanza, na ningewataka wahesabu ni mistari mingapi inazungumzia mtenda na mingapi inazungumzia mtendewa.

Waliofanya hivyo Bosnia waliona matokeo kama hayo. Roy Gutman wa Newsday aliandika mwaka 1992 na 1993 kuhusu ubakaji wa wanawake Waislamu. Katika mji wa Foča, wanawake walifungiwa kwenye jumba la michezo la Partizan, karibu na kituo cha polisi. Hilo la kituo cha polisi ni jambo dogo kwenye sentensi lakini lina uzito kuliko kurasa kumi za machozi: linamwambia msomaji kwamba askari polisi walikuwa hatua chache kutoka hapo. Februari 2001 mahakama ya The Hague iliwatia hatiani watu watatu kwa yaliyotokea Foča, na hukumu hiyo ilitaja ubakaji na utumwa kama uhalifu dhidi ya binadamu.

Karibu na kwetu, mahakama ya kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, iliyokaa Arusha, ilitoa somo lake. Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba nchini Rwanda, alishtakiwa mwanzoni bila shtaka lolote la ubakaji. Mwaka 1997, kesi ikiendelea, shahidi mmoja mwanamke alikuwa akieleza mambo mengine akataja kwamba binti yake wa miaka sita alibakwa. Hakuwa ameulizwa. Jaji Navanethem Pillay, mwanamke pekee kwenye jopo, alimfuatilia kwa maswali. Shahidi mwingine akaeleza zaidi. Hati ya mashtaka ikarekebishwa, na tarehe 2 Septemba 1998 Akayesu akawa mtu wa kwanza kutiwa hatiani na mahakama ya kimataifa kwa mauaji ya kimbari ambayo ubakaji ulihesabiwa kuwa sehemu yake. Wachunguzi walikuwa wamekwenda Taba kabla, wakarudi na madaftari yasiyo na jambo hilo. Mwandishi wa habari anapaswa kujiuliza ni mangapi yaliyomo kijijini ambayo hayakuingia daftarini mwake kwa kuwa hakukaa kimya muda wa kutosha.

Arusha ilitukumbusha pia upande wa pili. Desemba 2003 mahakama hiyohiyo iliwahukumu wanahabari na wamiliki wa vyombo vya habari vya Rwanda. Gazeti la Kangura lilikuwa limewachora wanawake wa Kitutsi kama watu wanaotumia miili yao kuwaangamiza Wahutu, na majaji walisema maandishi hayo yaliweka mazingira ambamo kushambuliwa kwao kingono kulikuwa jambo la kutarajiwa. Wahariri walikaa ofisini, wakachagua maneno na michoro. Tunaposema habari ina nguvu ya kushawishi, tukumbuke kwamba nguvu hiyo imewahi kutumika kinyume, mwendo wa siku moja kutoka mipakani kwetu.

Sasa nirudi kwa aliyetendewa, kwa kuwa hakuna habari bila yeye, na yeye ndiye anayeweza kuumizwa mara ya pili. Mwandishi mzuri humtendea kama shahidi. Shahidi ana haki ya kujua ushahidi wake unakwenda wapi. Haitoshi kumwuliza kama anakubali kuhojiwa. Mama aliyekimbia makazi, aliyeletwa na mfanyakazi wa shirika linalompa chakula, atamkatalia nani? Inatakiwa aambiwe waziwazi: “Mama, habari hii itasomwa kwenye simu, hata hapa kambini. Jirani yako akiisoma, atajua ni wewe? Ukitaka tuache, tutaacha, na msaada wako hautaguswa.” Kisha mwandishi asubiri jibu, na likiwa hapana, aondoke kwa adabu.

Kuficha jina peke yake hakumfichi mtu. Mwandishi anambadilisha mama jina, halafu anaandika kwamba ni mjane mwenye watoto saba, anauza samaki wakavu karibu na mti fulani, na ana kovu shavuni. Kijiji kizima kimeshamjua. Mwaka 2010 mwandishi mmoja mashuhuri wa safu za gazeti la Marekani alichapisha jina na sura ya mtoto wa miaka tisa wa Kongo aliyebakwa, akilaumiwa na wengi na kujitetea kwamba msomaji huguswa na mtu mwenye jina. Naona alikosea. Gazeti lake halikuwa na desturi ya kuwataja hivyo watoto wa Marekani, na mtoto wa Kongo hana heshima pungufu. Mwaka 2022 ulizinduliwa mwongozo uliopewa jina la Nadia Murad, mwanamke wa Kiyazidi aliyepata Tuzo ya Amani ya Nobel pamoja na Mukwege mwaka 2018, unaowaelekeza wachunguzi na wanahabari namna ya kukusanya ushahidi bila kumdhuru manusura. Moja ya mambo unayosisitiza ni kuuliza kwanza kama mahojiano yanahitajika kabisa. Mara nyingi yaliyohitajika yamekwishasemwa kwa mwingine na yameandikwa.

Wapo pia ambao hatuwaulizi kabisa. Utafiti uliochapishwa katika jarida la JAMA mwaka 2010 ulikuta kwamba mashariki ya Kongo wanawake 39.7 kwa mia na wanaume 23.6 kwa mia walisema wamewahi kufanyiwa ukatili wa kingono. Kampala, mradi wa sheria za wakimbizi wa Chuo Kikuu cha Makerere uliwasikiliza wanaume wakimbizi, wengi wao Wakongo, na mwaka 2011 Will Storr akaandika habari zao katika The Observer. Kabla ya hapo wanaume hao walikuwa wakifika zahanati na kulalamikia maumivu ya mgongo.

Tarehe 27 Januari 2025, M23 walipokuwa wakiingia tena Goma, wafungwa walivunja gereza la Munzenze. Ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilisema wanawake wasiopungua 165 waliripotiwa kubakwa na wafungwa wanaume, na wengi wao wakateketea kwa moto uliowashwa humo gerezani. Tarakimu hiyo ilitangazwa dunia nzima ndani ya siku chache. Mashahidi wengi wamekufa. Lakini gereza lina mkuu wake, lina daftari la zamu, lina watu waliokabidhiwa funguo za upande wa wanawake, na lilikuwa chini ya wizara yenye waziri. Hao wanaweza kutafutwa na kuulizwa bila kumsumbua manusura yeyote.

Kwa hiyo, msomaji, utakapokutana na habari nyingine kama hizi kutoka Goma, El Fasher nchini Sudan au kwingineko, itafute ndani yake jina la kikosi na jina la aliyekuwa akikiongoza. Usipoliona, mwandikie mhariri umuulize.